Ndoa bila cheti cha serikali: mikataba minne, na upi umfae nani

Chukua watu wawili walioishi kama mume na mke kwa miaka 12. Wana watoto wawili, wa miaka 9 na 6. Mke aliacha kazi mtoto wa kwanza alipozaliwa, akakaa nyumbani miaka 7, kisha akarudi kwenye ajira na kuanzia chini kabisa. Katika miaka hiyohiyo mume alipanda cheo mara tatu. Nyumba wanayoishi imelipiwa kwa mshahara wa mume, na hati ina jina lake peke yake. Sasa wanaachana. Nani anaondoka na nini? (Ukitaka, wageuze: mume ndiye aliyekaa nyumbani. Hesabu haibadiliki.)

Leo karibu kila nchi ina jibu lililokwisha kuandikwa na bunge au mahakama, na wengi wanaofunga ndoa hawajawahi kulisoma. Katika jamii ya kilibertari, yaani inayomwachia kila mtu uhuru juu ya nafsi na mali yake na kuibana dola, jibu hilo halipo. Wako walibertari wanaotaka dola ndogo inayolinda mwili, mali na mikataba tu, na wako wanaotaka isiwepo kabisa, lakini kwenye ndoa wote wanakutana: serikali isitoe kibali, isipange masharti, isiseme nani ni mume na nani ni mke. Kinachobaki ni karatasi waliyosaini wawili hao na mwamuzi waliyemchagua kuisoma. Kama hakuna karatasi, kila mtu anaondoka na kilichoandikwa jina lake, na mke wetu anaondoka na nguo zake.

Nitawapitisha watu hawa katika mikataba minne ambayo jamii ya namna hiyo ingeizalisha bila shida, kwa sababu kila mmoja una ndugu yake aliyekwisha kujaribiwa au kupendekezwa mahali fulani duniani. Kwangu mkataba wa ndoa haupimwi kwa maneno ya siku ya kuusaini. Naupima kwa hali ya yule atakayekuwa mnyonge siku ya kuachana: anaweza kutoka bila kuomba ruhusa, na akitoka, anatoka na nini?

Mwamuzi anaweza kulazimisha nini?

Hili lazima lije kwanza, maana walibertari wenyewe hawakubaliani. Sisi husema ahadi ni deni. Murray Rothbard, mchumi wa Kimarekani na mlibertari aliyetaka dola isiwepo kabisa, alilikataa hilo kwa upande wa sheria. Kwake ahadi tupu haimfungi mtu mbele ya mwamuzi; kinachomfunga ni mali aliyoihamisha, au aliyoihamisha kwa sharti. Nia ya mtu haiuziki. Ukisaini leo kwamba utabaki na mwenzako hadi kufa, kesho ukibadili nia hakuna wa kukuburuta kurudi nyumbani. Lakini ukisaini kwamba ukiondoka kabla ya miaka 10 shamba lako linakuwa la mwenzako, shamba linaondoka. Robert Nozick, mwanafalsafa mlibertari wa Kimarekani, mwaka 1974 alikwenda upande wa pili: mfumo huru ungemruhusu mtu hata kujiuza utumwani. Kwa mantiki hiyo, ndoa isiyovunjika kabisa ingewezekana.

Niko na Rothbard hapo, bila kusita. Mkataba unaokunyima haki ya kuondoka unakumiliki, na mtu hamilikiwi.

Ila kuna swali la zamani zaidi ambalo Rothbard halimalizi. Wilhelm von Humboldt, mwanafikra wa Kijerumani, alishikilia kwamba ndoa ivunjike kwa tamko la mmoja tu, basi. John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Kiingereza, mwaka 1859 alimjibu kwamba jambo si jepesi hivyo: ukimfanya mtu apange maisha yake akitegemea neno lako, umejitwika wajibu kwake, na wajibu huo unakuwa mzito zaidi kama kuna wengine walioingia humo, hasa watoto. Mikataba yote minne hapa chini inavutana kati ya Humboldt na Mill.

1. Mlango wazi

Kila mtu na mali yake, kila mtu na deni lake. Anayetaka kuondoka anatoa taarifa ya maandishi, na siku iliyotajwa ikifika, ndoa imekwisha. Hakuna sababu inayoulizwa.

Ufaransa ina kitu kinachokaribia hapo tangu 1999, kinachoitwa PACS: mkataba wa kuishi pamoja ambao mmoja wao anaweza kuuvunja peke yake kwa taarifa rasmi, na tangu 2007 kanuni yake ya kawaida ni kila mtu kubaki na mali yake. Ulianza hasa kwa ajili ya wapenzi wa jinsia moja, ambao wakati huo hawakuwa na ndoa, lakini wengi wanaousaini sasa ni mwanamume na mwanamke.

Uzuri wake hauna mpinzani katika jambo moja. Mtu anayepigwa nyumbani anatoka leo. Hathibitishi kipigo ili apate ruhusa ya kuondoka, hamngojei mwamuzi, hapotezi dhamana. Kwa watu wawili wenye kipato kinacholingana, wasio na watoto na wasiotarajia kupata, sioni kwa nini wahangaike na mkataba mwingine.

Sasa mlete mke wetu wa miaka 12. Anaondoka na akiba yake ndogo. Miaka 7 ya kulea, kupika na kumfanya mwenzake awe huru kupanda cheo haimo kwenye karatasi, kwa hiyo haipo. Mwamuzi hana ubaya wowote hapa, anasoma kilichoandikwa.

2. Mkataba wa muda

Miaka 2, 5 au 10, kisha mnaamua upya. Mwaka 2011 mjini Mexico lilipelekwa pendekezo la ndoa za mkataba wa angalau miaka 2, zikiwa na vifungu vya mali na watoto endapo wawili hawataendelea. Halikupita. Ndoa ya muda inajulikana vizuri pia katika fiqhi ya Shia Ithnaashari: mut'a hutajwa muda wake na mahari yake, huisha muda unapokwisha bila talaka, na watoto wake ni halali kwa baba. Madhehebu ya Sunni yanaikataza.

Watu wanaoupenda mkataba huu husema unawaweka wanandoa macho, kila mmoja akijua kwamba mwenzake anaweza asisaini tena. Mimi naona mahali unapoharibika. Tazama wenzetu wakiwa na mkataba wa miaka 5. Unakwisha mtoto mkubwa akiwa na miaka 2, mke akiwa hana mshahara. Wanakaa kujadili upya. Mume anaweza kuongeza masharti yoyote, kwa sababu mkataba usiposainiwa, yeye anabaki na kazi na nyumba, na mke anabaki na mtoto mgongoni. Mkataba uliokuwa wa watu sawa siku ya kwanza umekuwa mazungumzo ya mwenye nacho na asiye nacho. Na hakuna aliyevunja sharti.

Unaweza kuukarabati: andika tangu mwanzo kwamba mkataba hujirefusha wenyewe kwa masharti yaleyale, na kwamba usiporefushwa, malipo fulani yanafuata moja kwa moja. Lakini ukishafanya hivyo umekwisha kuandika mkataba wa nne, huu wa muda umebaki jina.

3. Mkataba wa dhamana

Huu ni wa wale wanaotaka ndoa ngumu kuvunjika. Kwa kuwa hatuwezi kumlazimisha mtu abaki, kila mmoja anaweka mali amana kwa mtu wa tatu. Anayeondoka bila sababu iliyotajwa, au anayefanya kosa lililotajwa, anaipoteza.

Ndugu yake wa leo ni ndoa ya agano ya majimbo matatu ya Marekani: Louisiana mwaka 1997, Arizona 1998 na Arkansas 2001. Kule Louisiana wanaoichagua hupata ushauri nasaha kabla ya harusi, na talaka inatoka kwa sababu chache: uzinzi, hatia ya kosa kubwa la jinai, kutelekezwa mwaka mzima, ukatili wa mwili au wa kingono, au kuishi mbalimbali kwa miaka 2. Chaguo lipo wazi kwa kila mtu, na wanaolichukua ni sehemu ndogo sana ya wanandoa. Kwa mlibertari hilo lenyewe ni taarifa: watu wakipewa uhuru wa kujifunga, wengi hawajifungi.

Nina mashaka makubwa na mkataba huu, na sababu yake ni ushahidi. Dhamana ikishategemea kosa, lazima mtu athibitishe kosa. Katika zama ambazo talaka huko Marekani ilidai kosa lithibitishwe, mahakama zilijaa uongo uliopangwa: wanandoa waliokubaliana kuachana walikuwa wakitunga ukatili au uzinzi ili hakimu aridhike. California iliachana na utaratibu huo kwa sheria ya 1969 iliyoanza kutumika 1970, majimbo mengine yakafuata, na New York ikawa ya mwisho mwaka 2010. Uingereza na Wales waliondoa ulazima wa kumlaumu mwenzako Aprili 2022. Sioni kwa nini waamuzi binafsi wangekuwa hodari kuliko mahakimu katika kujua kilichotokea chumbani usiku bila shahidi.

Kwa wenzetu wawili matokeo yanategemea nani ameondoka kwanza. Mume akiondoka, mke anapata dhamana, na hapo mkataba umemlinda kuliko yote miwili iliyotangulia. Mke akiondoka kwa sababu anadharauliwa na kunyamaziwa miezi na miezi, mambo yasiyo na jeraha la kuonyesha, anapoteza hata kile kidogo alichoweka amana. Dhamana ileile inayomlinda aliyeachwa inamfunga anayenyanyaswa kimyakimya.

Ukiupenda huu, fanya mambo mawili. Dhamana ya kila mmoja iwe asilimia ya mali yake, isiwe kiasi kimoja kwa wote wawili. Na kifungu cha ukatili kiweke mzigo mwepesi wa ushahidi: daktari mmoja au jirani mmoja atoshe kumwachilia anayetoka.

4. Kutoka huru, ongezeko linagawanywa

Kila mtu yuko huru kuondoka, kama katika mkataba wa kwanza. Kila mtu anamiliki cha kwake ndoa ikiendelea. Lakini siku ya kuachana, kilichoongezeka kwa kila mmoja tangu siku ya kwanza kinapimwa, na aliyeongeza zaidi anamlipa mwenzake nusu ya tofauti.

Ujerumani imetumia kanuni hii kama utaratibu wa kawaida tangu 1958. Hesabu yake mtu yeyote anaweza kuifanya. Tuseme wenzetu walianza na mafungu 10 kila mmoja. Leo mume ana 110, mke ana 20. Mume ameongeza 100, mke ameongeza 10, tofauti ni 90. Mume anamlipa mke 45. Hakuna aliyeulizwa ni nani alimkosea nani.

Nauona mkataba huu kuwa bora kwa watu wengi, na bado haujatosha. Ongezeko la mali linaonekana. Uwezo wa kuchuma uliopotea hauonekani. Baada ya kupokea 45 zake, mke anarudi kwenye mshahara wa chini na mume kwenye mshahara wa juu, na tofauti hiyo itadumu miaka 20 mbele. Ndiyo maana naongeza kifungu kimoja, na ningependa ukione kikiwa kimeandikwa:

*"Mmoja wetu akipunguza au kuacha kazi ya kipato kwa makubaliano ya wote wawili ili kulea mtoto au kuuguza, mwenzake ataweka kila mwezi sehemu ya tano ya kipato chake kwenye akaunti yenye jina la aliyeacha kazi. Fedha hizo ni mali ya aliyeacha kazi tangu siku zinapoingia, na hazirudi kwa sababu yoyote."*

Angalia kinavyofanya kazi. Hakisubiri talaka. Mali inahama mwezi kwa mwezi, hivyo hata Rothbard na masharti yake makali asingepata la kupinga: hakuna ahadi ya kulazimishwa baadaye, uhamisho umekwisha kufanyika. Kama mwenye kipato ameacha kuweka, mwenzake anajua mwezi uleule na si baada ya miaka 7. Na kwa hesabu ya mwisho, andikeni kwamba fedha za akaunti hiyo hazihesabiwi kama ongezeko, la sivyo zitampunguzia aliyeacha kazi fungu lake.

Anayesema kulipana ndani ya nyumba kunaua mapenzi namsikia. Lakini aangalie kesi ya Borelli iliyoamuliwa California mwaka 1993. Mume alipata kiharusi. Badala ya kupelekwa kwenye nyumba ya kuuguzia, alimwomba mkewe amuuguze nyumbani, akamwahidi mali fulani kama malipo. Mke akamuuguza hadi mwisho. Mume alipofariki, ikaonekana mali hiyo ameiandikia binti yake. Mke akaenda mahakamani akashindwa: mahakama ilisema kumuuguza mume ni wajibu aliokuwa nao tayari kwa kuwa mke, hivyo hawezi kuudai malipo. Sheria ya ndoa ya serikali, ile inayosifiwa kwa kulinda wanyonge, ilichukua kazi ya mwanamke yule ikaipa thamani ya sifuri. Katika jamii ya mikataba angeweza kushinda, kwa sharti kwamba mali iwe imehamishwa kwa maandishi na mapema. Kwa maneno tu ya kitandani angeshindwa huko pia.

Watoto hawakusaini

Hapa sina mizani ya kulinganisha. Hakuna kati ya mikataba hii minne unaoweza kuamua haki za mtoto, kwa sababu mtoto si mmoja wa waliosaini. Wazazi hawawezi kukubaliana kwamba baba asilipe matunzo, kama vile mimi na wewe hatuwezi kukubaliana juu ya fedha za mtu wa tatu. Hata sheria ya mfano ya mikataba ya kabla ya ndoa iliyotolewa Marekani mwaka 1983, ambayo inawaachia wanandoa uhuru mpana, inakataa makubaliano yanayopunguza haki ya mtoto kutunzwa.

Rothbard aliamini kwamba mzazi hana wajibu wa kisheria wa kumlisha mwanawe. Hapo naachana naye kabisa. Aliyemleta mtoto duniani amemweka mtu asiyejiweza mahali pasipo na chaguo; wajibu unatokana na kitendo hicho chenyewe, na mkataba hauhitajiki ili uwepo. Kwa hiyo uchague mkataba wowote, andikeni watoto watakaa wapi na nani atalipa nini kama pendekezo ambalo mwamuzi analitazama upya siku ya kuachana, akiwaangalia watoto walivyo siku hiyo. Mtoto wa miaka 6 na mtoto yuleyule akiwa na 13 hawahitaji mpango mmoja.

Nani aandike, nani aamue

Wachache wangeandika mkataba wao tangu mwanzo. Wengi wangechukua ulio tayari, na mingi ingetoka kwenye dini, ambazo zilikuwa na mikataba ya ndoa karne nyingi kabla ya vyeti vya serikali. Nikaha ni mkataba wenye mahari na mashahidi, na mke anaweza kuweka sharti la kupewa haki ya kujitaliki. Wayahudi wana ketuba, yenye deni la mume kwa mke endapo ndoa itavunjika. Na walipokabiliwa na waume wanaokataa kutoa talaka ya kidini ili kuwatesa wake zao, baadhi ya marabi huko Marekani walitunga makubaliano ya kabla ya ndoa: mume analipa matunzo ya kila siku hadi atakapoitoa talaka hiyo. Fedha ikafanya ambacho kusihi hakukufanya.

Hatari iko kwenye kiti cha mwamuzi. Baraza la watu wanaokujua, wanaosali nawe na kufanya biashara na wakwe zako, linaweza kumbana mnyonge bila kuvunja kifungu chochote. Jimbo la Ontario nchini Kanada liliogopa jambo hilo kiasi kwamba mwaka 2006 liliondoa nguvu ya kisheria ya uamuzi wa kifamilia unaofuata sheria za dini. Mlibertari hawezi kupiga marufuku hivyo, na mimi pia nisingetaka. Ningetaka kila mkataba utaje waamuzi wawili, kila upande ukichagua wake, na wa tatu atokane na makubaliano ya hao wawili.

Na tarehe ya kusaini ina uzito wake. Mchezaji wa besiboli Barry Bonds na mkewe, aliyetoka Sweden, walisaini makubaliano ya kila mtu na mali yake siku moja kabla ya harusi mwaka 1988, mke akiwa hana wakili. Mahakama ya juu kabisa ya California iliyakubali mwaka 2000. Bunge la jimbo hilo likajibu kwa kutunga kanuni kwamba siku 7 zipite kati ya kupokea makubaliano na kuyasaini. Bila bunge, mjiwekee wenyewe: mwezi mmoja, na kila mtu na wakili wake.

Kuhusu hospitali, mirathi na wadai, naeleza kwa ufupi kwa sababu mikataba yote minne inalingana: hakuna unaowafunga watu wa nje. Andika wosia, andika nani aamue ukiwa huna fahamu, na mtu anayekukopesha aonyeshwe ukurasa wa mali.

Kwa hiyo uchague upi

Mna kazi nyote wawili, hamtaki watoto na mali zenu zinakaribiana: mlango wazi, wala msipoteze fedha za wakili kwa zaidi ya kurasa mbili.

Mmewahi kuoa na kuolewa, watoto wenu wakubwa, kila mmoja anataka mali yake iende kwa wanawe: mlango wazi pia, pamoja na kifungu cha kuuguzana, kwa sababu ya yule mjane wa Borelli.

Imani yenu inataka ndoa isiyovunjika kirahisi: dhamana, kwa masahihisho yale mawili niliyotaja. Kijana anayetaka kusaini huu akiwa na miaka 20 namwomba asubiri.

Mkataba wa muda simshauri mtu anayetarajia mtoto, hata mmoja.

Mnatarajia watoto, au mmoja wenu huenda akakaa nyumbani hata kwa miaka 2: chukueni ule wa nne, na akaunti ya kila mwezi iwemo. Ifunguliwe kabla mtoto hajazaliwa, wakati wote wawili bado mnapokea mshahara na mnaweza kubishana mkiwa sawa. Mwenzako akikataa kifungu hicho, usiache kazi.